Shauri la Juma Hili: Kupima Mwendo wa Kila Siku Kwenda Namugongo

Kila mwaka, ifikapo Mei, watu huonekana barabarani wakielekea Uganda kwa miguu, wamebeba rozari mkononi na mzigo mdogo mgongoni. Hao ni mahujaji waendao Namugongo, ambako tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake waliteketezwa kwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mashahidi wanaokumbukwa kwa jumla ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887.

Mtu wa Nakuru akitaka kuianza safari hiyo mlangoni pake, ana kadiri ya kilometa 500 mbele yake, akipitia Eldoret na Malaba. Wengi hutwaa karatasi, wakazigawanya hizo 500 kwa siku za likizo yao. Karani mwenye siku 14 apata kilometa 36 kwa siku, akaridhika ya kuwa jambo limekwisha. Hesabu yake haina kosa, ila miguu haikushauriwa. Siku ya kwanza atazimaliza hizo 36 akiimba. Siku ya pili atazimaliza akichechemea. Siku ya tatu malengelenge yamepasuka, na kundi zima linamngoja chini ya mti.

Watu wa misafara ya zamani walilijua jambo hili vyema. Mpagazi aliyebeba mzigo wa karibu frasila mbili hakwenda kwa kawaida zaidi ya maili kumi hadi kumi na tano kwa siku. Msafara uliondoka alfajiri, ukapiga kambi kabla ya jua kali, na kituo kilichaguliwa kwa ajili ya maji, si kwa kupenda hesabu iliyo sawasawa. Askofu James Hannington aliondoka pwani Julai 1885, akapita Bonde la Ufa, na aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba, miezi mitatu baadaye. Joseph Mukasa Balikuddembe aliyemkemea Mwanga kwa mauaji hayo aliuawa Novemba mwaka ule ule. Basi hujaji wa leo, kwa sehemu kubwa, afuata upande ule ule wa nchi, naye hana frasila mbili kichwani; lakini hana pia mguu wa mpagazi.

Yafaa hesabu ianzie mwisho irudi nyuma. Afike Namugongo jioni ya tarehe 1 Juni, apate siku moja ya kupumzika kabla ya sikukuu. Achukue siku 20 za kutembea, siku tatu za kupumzika, yaani moja Eldoret, moja Malaba na moja Jinja, tena siku mbili za akiba kwa homa au mvua. Hizo ni siku 25. Kwa hiyo kundi liondoke Nakuru tarehe 8 Mei. Mwenye likizo ya siku 14 asijidanganye. Apande gari hadi Eldoret au Malaba, aanzie huko. Wala hakuna aibu.

Siku hizo 20 zisigawanywe sawasawa. Nakuru hadi Eldoret ni kilometa 155 hivi: zipewe siku saba, yaani 22 kwa siku, na siku ya kwanza iwe fupi kuliko zote. Eldoret hadi Malaba ni kadiri ya 125: siku tano zatosha. Kilometa 215 hivi zilizobaki zipewe siku nane, kwa kuwa miguu imekwisha kukomaa na nchi ya Uganda huko haina milima mikubwa.

Mtu mwenye mzigo huenda kilometa nne kwa saa. Kilometa 22 ni saa tano u nusu. Akiongeza saa mbili za kula na kupumzika, aliyeondoka saa kumi na mbili u nusu asubuhi atafika saa nane. Hapo ndipo mvua ya Mei huanza katika nchi za juu. Mskoti William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ya kuongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka Nakuru hadi Timboroa mtu hupanda karibu mita 900, lakini kwa siku kadhaa, hata kanuni hiyo haimwongezei mengi. Baridi ya Timboroa usiku ndiyo ya kuogopwa, na magari makubwa.

Kuhusu magari, neno lisifichwe. Karibu na Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka liliwaka na kuua watu zaidi ya mia. Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana, wakafa 36. Tena kwenye njia panda ya Londiani, katika barabara ya Kericho, Juni 2023, lori liliwaparamia watu waliokuwa kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Kwa hiyo mwendo wa siku ulio mrefu hata kumfikisha mtu gizani haufai kabisa katika sehemu hii, hata kama kundi lina nguvu. Watembee upande wa kulia, wakiyakabili magari, mmoja nyuma ya mwenzake.

Kiongozi apime mwendo kwa yule aliye mzito kuliko wote. Njia nzuri ya kumjua ni kwenda kwanza Subukia, penye kituo cha taifa cha hija ya Mama Maria, kadiri ya kilometa 40 kutoka Nakuru kwa njia ya Bahati. Waende siku mbili mfululizo, na viatu vile vile, na mzigo ule ule. Anayeshindwa kuamka siku ya pili aambiwe kwa upole mwezi wa Machi, si Burnt Forest.

Mpakani Mkenya aweza kuvuka kwa kitambulisho chake cha taifa. Siku ya mwisho, kutoka Mukono, ni fupi. Tena kundi lipatane mapema litafikia wapi, kwa maana Wakatoliki wana mahali pao Namugongo na Waanglikana pao, na umati wa siku zile si mahali pa kuanza kutafutana.