Kabla ya Kujenga Ukuta, Uulize Udongo

Lugha yetu haikuwa bahili katika jambo la kuzungushia nyumba. Tuna ua, tuna ugo, tuna wigo, tuna kitalu, tuna boma, na tuna ukuta. Na kila neno hapo lilikuwa na kitu chake. Ua wetu wa kawaida ulikuwa wa makuti na fito, kitalu kilikuwa cha mawe, na boma lilikuwa la kujikinga na adui. Leo ukimwuliza kijana wa Kisauni au wa Mtwapa amezungushia nini kiwanja chake, atakujibu neno moja tu: ukuta. Nenda ukautazame. Utaona bloki za saruji zilizopita kimo cha mtu mrefu, na juu yake vimepandwa vigae vya chupa. Maneno yamekufa kwa kuwa vitu vyenyewe vinakufa. Lakini, wasomaji wapenzi, leo sikuja kuyalilia maneno. Nimekuja kuuliza: ni nani aliyetwambia kwamba ardhi yote ya Pwani yataka ukuta wa namna moja?

Ardhi yetu si moja. Ondoka ufuoni ukielekea bara. Kwanza utakanyaga mchanga mweupe, kisha mwamba wa matumbawe ambao sululu hulia juu yake, na nyuma yake mchanga mwekundu. Kwingine utafika kwenye udongo mzito wa mfinyanzi. Hata Mombasa yenyewe, mji wa watu wanaodhani wanajua kila kitu, upande wake wa mashariki umekaa juu ya matumbawe, na upande wa magharibi umekaa juu ya jiwe laini lililotokana na tope la kale. Ukivuka kwenda Changamwe na Miritini, jiwe hilo likioza huwa udongo wa tabia mbaya kabisa: ukinywa maji huvimba, ukipigwa na jua hunywea. Mwezi wa Mei, masika yanapokuwa makali, mguu hauchomoki. Mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na mbingu imekauka, nyufa zake huingia mkono. Mtu anayeweka ukuta mzito juu ya ardhi kama hiyo kwa msingi wa futi moja na nusu ameuweka juu ya mgongo wa punda asiyetulia.

Masika ya mwaka juzi niliitwa huko Miritini kusuluhisha majirani wawili. Mmoja alikuwa amejenga ukuta mrefu wa bloki, pasi na tundu hata moja la maji, akaukata mkondo ambao mvua ilikuwa ikipitia tangu mtaa ule ulipokuwa mashamba. Maji yakasimama nyuma ya ukuta kama yaliyomo birikani. Udongo ukalowa upande mmoja, ukuta ukainama, na usiku wa tatu ukaanguka juu ya jiko la jirani. Alhamdulillahi jikoni hamkuwa na mtu. Lakini saa mbili kabla ya hapo alikuwamo mama na watoto wake watatu, wanakula.

Mwenye ukuta akanambia, "Maalim, mimi nalitaka setra. Nina mabinti ndani."

Jirani yake hakuningoja mimi nijibu. Akasema, "Na setra yako ndiyo iwe kaburi la wanangu?"

Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Fundi alimwambia ukuta ndio setra, naye akamwamini fundi. Ila fundi aliyejifunzia kazi yake juu ya matumbawe ya Nyali hawezi kuichukua kama ilivyo mpaka Miritini, kama vile nahodha hawezi kuchukua tanga la kusi akalitumia wakati wa kaskazi bila ya kutazama bahari.

Kwenye mfinyanzi, kwa maoni yangu, ukuta mzima usijengwe ila kwa dharura, na mwenye dharura awe na fedha. Msingi wake hauna budi kushuka mpaka chini ya udongo ule unaocheza, pengine futi nne au zaidi. Ukuta wenyewe ujengwe vipande vipande, na kati ya kipande na kipande pawe na mwanya, ili mmoja ukisogea usiuvute mwenziwe. Na chini kabisa, usawa wa ardhi, pawe na matundu ya kupitishia maji. Asiyeweza hayo yote na asimike nguzo, azifunge waya au fito, na kando yake apande miti. Ua wa namna hiyo udongo ukivimba huinuka nao, ukinywea hushuka nao, na maji hupita kati yake yakaenda zake. Methali ya ufa na ukuta naiacha. Kila mtoto wa shule anaijua, na wazee wake wameisahau.

Juu ya mwamba wa matumbawe mambo ni mengine. Hapo ukuta una haki yake. Nendeni Gede, karibu na Malindi, mji ambao mwaka 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Watu waliuhama karne ya 17, na mpaka leo sehemu za kuta zake zimesimama msituni. Hazikujengwa kwa saruji hata kijiko kimoja. Ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa tanuuni. Chokaa hupumua: unyevu ukiingia ukutani hupata njia ya kutoka. Ukiupaka ukuta wa matumbawe saruji, unaufungia maji ndani pamoja na chumvi yake, na baada ya masika machache plasta inabanduka kama ngozi ya mgonjwa wa surua. Waliotengeneza nyumba za kale za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa wanalijua jambo hili vizuri, na si siri.

Jambo jingine ambalo mafundi hufanya huku wakijua ni kuchota mchanga wa ufuoni kuchanganya na saruji, kwa kuwa ni wa bure. Mchanga ule una chumvi. Chumvi hula chuma kilichomo ndani ya nguzo ya zege, chuma kikishika kutu hufura, na nguzo hupasuka kutoka ndani. Ukiona nguzo za zege zimepasuka kwa urefu na maji ya rangi ya chai yanazitiririka, usimlaumu shetani. Na seng'enge nayo, karibu na bahari, haidumu kama idumuvyo Voi. Anayeitaka atafute ile iliyochovywa zinki nzito, na hata hiyo ajue kwamba upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka mlangoni.

Penye mchanga mtupu nguzo ndizo zinazofaa, lakini zizikwe barabara: theluthi ya urefu wake iwe chini. Nguzo za pembeni zitiwe mihimili ya kuzitegemeza, kwani pembe ikilegea ua wote umelegea. Wazee wetu walitumia mikoko, na walikuwa na majina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, zikiuzwa kwa korija. Mkoko na mkandaa mchwa hauwapendi. Lakini mikoko nayo imetaabika. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje, na mwaka 2018 ukataji ukasimamishwa, wakataji wa Lamu wakakaa bila kazi. Anayenunua leo na aulize karatasi ya kibali. Asiyetaka maneno mengi atumie mvinje, ambao watu wa Kilifi wanaupanda mashambani mwao kama wanavyopanda mahindi, nao huipenda ardhi ya mchanga. Mvinje haushindani na mkoko mbele ya mchwa, kwa hivyo mguu wake upakwe dawa au lami kabla ya kuzikwa, na shimoni utangulize kokoto ili maji yasitue.

Sasa narudi kwenye setra, maana najua hapo ndipo wengi wataninunia. Sipingi setra. Nasema setra na ukuta si kitu kimoja. Nyumba ya mawe ya Lamu ilijisitiri kwa mpango wake yenyewe: kuna daka, kuna kona ya kuingilia, kuna kiwanda katikati, na mgeni mlangoni haoni kitu. Na nyumba ya udongo ya mtu wa kawaida ilisitiriwa na ua wa makumba, yaani kuti zima lililosukwa, si yale makuti ya viungo ya kuezekea. Ua huo jicho halipenyi, lakini upepo unapenya. Mama zetu walishinda uani siku nzima, wanapika, wanasuka, wanapigana soga, na hawakuona joto. Mabinti wa leo tumewafungia ndani ya kuta nne za saruji zinazonyonya jua mchana na kulitapika usiku, kisha twawanunulia feni.

Wataniambia: na mwizi je? Mwizi akishauruka ukuta mrefu, amepata setra kuliko mwenye nyumba. Hakuna jirani anayemwona. Mchongoma uliopandwa safu mbili na kukatwa vizuri humpa taabu zaidi ya vigae vya chupa, ambavyo huvitandikia gunia akapita. Mbuzi wanakusumbua? Panda mbono, mbuzi hawaugusi. Ila mbegu zake ni sumu, watoto waonywe. Mnyaa nao hushika upesi hata penye ukame, lakini utomvu wake hupofusha macho, na mimi singeupanda penye nyumba ya watoto. Mkononi mwangu ningechagua mhina. Hushika kwa kipandikizi, hustahimili jua, ukikatwa hutoa matawi mapya, na majani yake kila mtu anajua hufanyiwa nini usiku wa kuamkia Idi.

Ua wa makumba una aibu zake na sizifichi. Huchakaa, na kila baada ya miaka michache hutaka kubadilishwa. Hushika moto, basi usiuegemeze jikoni. Lakini fedha ya kuubadilisha huenda kwa wanawake wa Rabai na Kaloleni wanaosuka makuti chini ya minazi yao, haiendi kiwandani.

Na mpaka wenyewe uangaliwe kabla ya shimo la kwanza. Mtume wetu (S.A.W.) ameonya kwamba mwenye kudhulumu shibiri moja ya ardhi atavishwa kongwa la ardhi saba, na akakataza mtu kumzuia jirani yake kuegeza ubao kwenye ukuta wake. Basi mwite jirani, mtafute bikoni pamoja, mtazame maji ya mvua yanatokea wapi na yanaelekea wapi. Kwa saa moja mtakuwa mmemaliza.

Wale wawili wa Miritini walifanya hivyo baadaye kuliko ilivyofaa. Bloki zilizosalimika zilijenga upya jiko la jirani. Mpakani pamesimama nguzo za mvinje na makumba, mkondo wa maji umeachwa wazi chini yake, na mhina umepandwa pande zote mbili. Mwezi uliopita nilipita, nikaukuta umefika kiunoni.