KUTOKA MEZA YA KARANI: Pikipiki Kubwa Chini ya Mwembe

Juma lililopita niliahidi kwamba leo nitaeleza habari za matangazo ya ndoa, na kwa nini watu huchelewa kuleta vyeti vyao vya ubatizo hata siku zikawabana. Akina mama watatu wamekwisha niuliza. Niwieni radhi, nitawaeleza juma lijalo. Leo nina jambo jingine lililonikaa moyoni tangu siku ya arusi, na nisipoliandika sasa nitaliharibu.

Arusi yenyewe ilikuwa hapa Bagamoyo. Ijumaa jioni, nilipokuwa nikifunga ofisi, niliona watoto wa mafundisho wakitoka mbio kuelekea langoni. Mimi sikuwa nimesikia kitu, na hilo ndilo lililonishangaza kwanza, maana pikipiki zetu husikika tangu njia panda. Hii iliingia ikivuma polepole kama cherehani, ikasimama chini ya mwembe, na juu yake mtu aliyevaa nguo nzito nyeusi toka kichwani hata miguuni. Watoto wakarudi nyuma. Alipovua kofia yake ngumu, kumbe ni mzee wa miaka hamsini na kitu, mvi zimemjaa, anacheka. Alikuwa mjomba wa bibi arusi, mzaliwa wa Moshi afanyaye kazi Nairobi, naye alipita Namanga, Arusha, Moshi, Segera na Msata, siku mbili njiani.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, kisha akauliza kama pikipiki yake yaweza kulala pale kwa usalama. Nikamwambia asiwe na shaka, maana mwizi wa hapa hata kuisukuma hawezi.

Ilikuwa Yamaha FJR1300, ya aina ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mwendo na safari ndefu pamoja. Pikipiki za namna hii si za jana. Wajerumani wa BMW walitoa R 100 RS mwaka 1976, wakaifunika mbele kwa ngao kubwa ya kukata upepo ili mtu aende mbali asichoke, na wengine wakafuata. Hii ya Wajapani ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2001. Injini yake ina silinda nne, cc 1298, yaani ukubwa uleule wa injini ya baadhi ya motakaa ndogo za Vitz tunazoziona kila siku. Nguvu yake ni farasi zipatazo 146. Mdogo wangu, ambaye nitamtaja tena, huendesha Boxer ya cc 150 yenye farasi kama 12, nayo humbeba yeye, mama mwenye mtoto, na gunia la mkaa.

Haina cheni. Nguvu hupelekwa gurudumu la nyuma kwa shafti, kama kwenye lori. Tangi lake huchukua lita 25 za petroli, na mzee aliniambia kwamba kwa mwendo wa kiasi yeye hutumia kama lita 6 kwa kilomita 100, basi hesabuni wenyewe. Ubavuni kuna masanduku mawili ya kufungwa kwa ufunguo. Katika moja alileta suti ya arusi, haikuwa na kunjo hata moja.

Nami nilijikuta nikiionea huruma pikipiki ya parokia iliyokuwa imeegemea ukuta pembeni. Yetu ni Yamaha pia, AG100, kizee cha cc 97 kinachonywa mafuta na oili pamoja, na moshi wake hufukuza mbu. Lakini ina keria mbele na nyuma, na stendi pande zote mbili, basi ikizimika kwenye mteremko wa mchanga haikosi mguu wa kusimamia. Nimekwisha beba juu yake katekista, sanduku la vitabu na jogoo wa zawadi, safari moja. Msiidharau.

Jumapili baada ya misa ya pili mzee akaniita. "Mwalimu, una leseni?" (Huniita mwalimu kwa kuwa alisikia nilisoma chuo cha ualimu. Sikumkataza.) Nikamwonyesha, daraja A. Akaitazama pande zote mbili kama askari, akasema, "Twende Kiwangwa tukanunue mananasi. Kwenda nitakupakia. Kurudi tutaona."

Kabla ya kuondoka nilidhani tutapanda tu. Hatukupanda. Alipiga magoti kwenye vumbi akapima upepo wa matairi kwa kipimo alichotoa mfukoni. Akapitisha kidole ndani ya mifereji ya tairi, akabonyeza breki ya mkono na ya mguu, akatazama taa zote. Kisha akanivika kofia ya mkewe, iliyonibana masikio, na koti lenye mito migumu ya mabega na viwiko. Jua la Bagamoyo mnalijua. Nilitoka jasho kabla ya kuinua mguu. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale na wenzake wa kijiweni, kaptula na kandambili, wakicheka. "Kaka, unakwenda mwezini?"

Barabara ya Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64, lami tupu, nayo hukata bonde la Ruvu Chini penye daraja na majani marefu pande zote. Kukaa nyuma ya mzee kulikuwa kama kukaa kwenye kiti cha sebuleni. Sina la kusema zaidi kwa safari ya kwenda, ila kwamba kila penye kibao cha 50 alikwenda 50, hata pasipokuwa na askari wa tochi.

Kiwangwa tulinunua mananasi sita, tukayatia sandukuni, kisha akanipa ufunguo.

Wasomaji, nitawaeleza nilivyoona, wala sitatia chumvi. Pikipiki hii ikiwa tayari kwa safari, na mafuta tangini, ina uzito wa kilo 289. Kuigeuza pale barabarani, injini imezimwa, ni sawa na kusukuma ngalawa iliyokaa juu ya mchanga. Gurudumu la mbele liligusa ukingo wenye changarawe, ikaanza kuniinamia, nami nikajua siiwezi. Ikalala ubavuni taratibu kama ng'ombe. Wauza mananasi watatu walikuja kuiinua pamoja nami, na mmoja aliniuliza kama kweli ni yangu. Mzee hakukasirika. Alisema tu, "Sasa umekwisha ijua. Panda."

Lakini kama ngalawa ile, ikishaingia majini kidole kimoja chaitosha. Niliachia klachi, ikaondoka kwa upole kuliko kile kizee chetu. Uzito wote ukapotea. Kona iliifuata kwa kutazama tu: nilipotazama, ndipo ilipokwenda. Kuna kitufe cha kupandisha kioo cha mbele. Nilipokibonyeza, kioo kikainuka, upepo ukaacha kunipiga kifuani, na pakawa kimya kiasi cha kusikia pumzi yangu ndani ya kofia. Mlalamiko wangu ni mmoja, joto la injini lililokuja magotini. Huko baridi ni nyingi huenda ni faida, kwetu pwani si faida.

Mbele yetu palikuwa na lori la mananasi. Nikatazama njia, nikaona ni nyeupe, nikakunja mafuta kidogo tu, nasema kidogo. Lori likatoweka kioo cha pembeni kabla sijamaliza kufikiri. Nilihisi tumbo limebaki nyuma. Nami sitawaficha, nilifurahi. Nilifurahi kwa namna ambayo mtu mwenye mke na watoto wawili hapaswi kufurahi. Moyo ukaniambia, ongeza. Nikaongeza. Hapo nilihisi ninakwenda kama 60, mwendo wa kizee chetu kikiwa na afya. Nikatupa jicho kwenye saa ya mwendo nikaona 115. Mzee akanigonga bega mara mbili.

Hili ndilo nililotaka kuwaambia tangu mwanzo. Pikipiki kubwa haikutishi. Ile ndogo ikifika 80 hutetemeka yote, hulia, hukuambia kwa kila msumari kwamba umezidi. Hii hainung'uniki. Inakuachia wewe uwe na akili kwa niaba yake. Kwa mwendo wa 80, katika nukta moja ya saa umekwisha kwenda mita 22, na katika nukta hiyo bado hujagusa breki, ndiyo kwanza umemwona mbuzi.

Mbuzi alikuwapo kweli, karibu na vibanda. Nilikuwa nimekwisha punguza mwendo. Nikabana breki kwa hofu, mkono na mguu kwa nguvu zangu zote, kama nisivyopaswa. Nilingoja kuteleza. Haikuteleza. Ina kifaa kinachozuia gurudumu lisifungwe likaburuzika, hata dereva akipumbaa. Ilijiinamisha mbele, ikasimama wima, na mbuzi akaenda zake. Miguu yangu ilikuwa ikitetemeka. Nikashuka, nikamrudishia mzee ufunguo, akaendesha yeye hadi nyumbani.

Vijana walikuwa bado kijiweni. Mdogo wangu akaja mbio, akamshika mzee mkono. "Mzee, shikamoo. Inakimbia ngapi hii?"

"Marahaba, mwanangu. Yako inasimama kwa hatua ngapi?"

Kijana hakuwa na jibu. Mzee akaniomba chaki. Mwalimu hakosi chaki. Tukaenda penye kipande cha lami kisicho na magari mchana ule, nikachora mstari kukatisha njia. Shauri lilikuwa kila mmoja aje kwa mwendo wa 40, na akifika mstarini abane breki. Mzee alianza. Nilipima kwa hatua zangu kutoka mstarini hadi gurudumu la mbele: 12. Kisha akamvika mdogo wangu ile kofia ya mkewe, naye akaja na Boxer yake, akabana. Gurudumu la nyuma likalia, likaenda upande, tairi likaandika mstari mweusi kama nyoka. Hatua 25. Wenzake hawakucheka.

Mzee akasogea kwenye Boxer, akabonyeza breki ya mbele. Mkono ulikwenda hadi mwisho bila kushika kitu. Waya ulikuwa umekatika. "Tangu lini?" Mdogo wangu akasema hata hakumbuki, na kwamba wao kijiweni hawaitumii, maana hupindua mtu.

Mzee akamweleza vizuri, nami nikaongeza kidogo cha chuoni. Mmekwisha panda basi, wasomaji. Dereva akibana breki ghafula abiria wote huenda mbele. Na pikipiki ni hivyo hivyo: ikibanwa, uzito wote hukimbilia gurudumu la mbele, na la nyuma hubaki jepesi, halina nguvu ya kushika njia. Mwenye kutumia breki ya nyuma peke yake anashika njia kwa gurudumu lililo jepesi. Humpindua yule aikamatae ya mbele kwa ghafula, au kwenye mchanga, au kona imeinama. Anayeibana polepole kisha kwa nguvu, njia ikiwa imenyooka, humsimamisha. Na mwendo ukiwa mara mbili, yaani 80 badala ya 40, njia ya kusimamia haiwi mara mbili, huwa mara nne. Nilichora hesabu ile chini kwa chaki. Kwa Boxer ile bila waya, hatua 25 zingekuwa 100. Mdogo wangu aliihesabu kwa macho, toka mstarini hadi mbali kule penye mnazi.

Mimi ndimi niandikaye kitabu cha wafu cha parokia. Sitataja majina, maana mama zao wanasoma gazeti hili. Lakini nimeandika humo vijana waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta hesabu ya tajiri wakarudishwa jioni, na mmoja wao nilimfundisha kusoma nilipokuwa kwenye mazoezi ya ualimu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na pikipiki ya farasi 146. Walikuwa na hizi hizi za farasi 12, nyingine zimebeba mishikaki, watu watatu na mzigo.

Pikipiki ya mdogo wangu ni ya mkataba. Kila siku hupeleka hesabu kwa mwenyewe, hata itakapokuwa mali yake, na siku mvua ikinyesha deni halinyeshewi. Waya wa breki haumo katika hesabu ile. Nalijua hilo, wala simlaumu kama nilivyokuwa nikimlaumu zamani.

Mzee aliondoka Jumatatu alfajiri. Mama alimpa chupa ya asali, akaifunga kwa kanga ndani ya sanduku. Saa moja baadaye, nilipokuwa nikifungua dirisha la ofisi, mdogo wangu alikuja akasimama mlangoni. Akaniuliza kama ile spana namba kumi ya kizee cha parokia bado ipo. Mkononi alikuwa na kikaratasi cha dukani kilichokunjwa, na ncha ya waya mpya inatokeza. Nikampa spana. Aliirudisha adhuhuri, ina grisi.

Habari za matangazo ya ndoa, juma lijalo, Mungu akipenda. Leteni vyeti.