Mapigo ya Moyo Hayatoshi Kuhukumu Chakula

Saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo zimezaa desturi mpya. Mgonjwa huona mapigo yamepanda mezani, akahitimisha kwamba chakula kile kinamtia hofu au mwili wake unakikataa. Hitimisho hilo ni la haraka mno.

Ni kweli kwamba moyo huitikia hisia. Katika karne ya 2, huko Roma, tabibu Galen alimpima mwanamke aliyekosa usingizi, akaona mapigo yamevurugika alipotajwa Pylades, mcheza dansi wa jukwaani. Hakuridhika na dalili moja. Siku zilizofuata aliagiza watajwe wachezaji wengine, na mapigo hayakubadilika. Alipotajwa tena Pylades, yakavurugika. Ulinganisho huo ndio unaokosekana kwa anayetazama saa mara moja na kuacha maharage.

Mapigo huonyesha kwamba mwili umeamshwa, hayasemi umeamshwa na nini. Mwaka 1927, mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon alisisitiza kwamba mabadiliko yale yale ya viungo vya ndani huonekana katika hofu na katika hasira. Zaidi ya hayo, mlo wenyewe huongeza kasi ya moyo, kwa kuwa damu nyingi huhitajika tumboni. Kahawa, homa na upungufu wa damu hufanya vivyo hivyo, ilhali baadhi ya dawa za shinikizo la damu huyapunguza mapigo hata kama mtu ana wasiwasi.

Hatari kubwa humkabili mwenye kisukari anayetumia insulini. Mapigo yakienda mbio kabla ya kula, pamoja na jasho na kutetemeka, huenda sukari imeshuka. Kumwambia kwamba ni wasiwasi tu ni kumchelewesha. Apimwe mara moja. Ikiwa chini ya miligramu 70 kwa desilita, apewe kitu chenye sukari papo hapo. Kipimo kikikosekana, apewe vilevile, mradi ana fahamu na anaweza kumeza.

Kwa wengine, mhudumu wa afya ahesabu mapigo kwa dakika nzima baada ya mgonjwa kupumzika, kabla na baada ya mlo, kwa siku kadhaa. Kisha amuulize anavyojisikia anapokitazama chakula hicho, na amsikilize. Jibu lake lina uzito kuliko tarakimu ya saa, na pasiwepo chakula kitakachokatazwa kabla halijasikika.