Gules: Rangi ya Ngao Ndani ya Shairi

Wako watu, na baadhi yao ni walimu tunaowaheshimu, washikiliao kwamba shairi lisilofahamika na kila msomaji papo hapo lina ila, na kwamba malenga atumiaye neno la wenye fani yao ajitafutia sifa tu. Rai hiyo siikubali, na hoja yangu naitwaa mbali, kwa Waingereza, katika neno la watunza nembo wao: gules.

Neno hilo, lenye asili ya Kifaransa cha kale, ndilo jina la rangi nyekundu iwapo juu ya ngao ya ukoo. Na wachoraji wasio na wino wa rangi huidhihirisha kwa mistari iliyosimama wima. Hata utepe mwekundu ukatao ngao ya Jamhuri ya Kenya, kwa lugha ya wajuzi hao, ni gules.

Shakespeare lugha hiyo haikuwa ngeni kwake, kwani baba yake alipewa nembo mwaka 1596. Katika tamthilia ya Hamlet, Hamlet mwenyewe, mbele ya wachezaji waliofika kasrini, asimulia habari za Pyrrhus, aliyejificha ndani ya farasi wa mbao na silaha zake nyeusi kama usiku, kisha, mji wa Troy ulipoingiwa, akaenea damu ya baba na mama za watu, mabinti na wana wa kiume, hata akawa gules tangu utosini mpaka nyayoni. Angaliitwa mwekundu, tungaliiona damu, basi. Bali kwa neno lile twaiona damu ikigeuka nembo, na muuaji akiivaa fedheha yake kama mwungwana avaavyo heshima ya nasaba.

Keats naye, katika shairi la mkesha wa Mtakatifu Agnes, lililochapishwa mwaka 1820, aupenyeza mwezi katika dirisha la vioo vya rangi lenye ngao ya wafalme, na gules yamwangukia kifuani Madeline apigaye magoti kusali. Wakosoaji wamesema nuru ya mwezi ni dhaifu mno kuchukua rangi. Ni kweli, na ajaribuye ataona kijivu tu. Lakini wasahau kwamba mpenzi wa Madeline, Porphyro, amejificha chumbani humo, ndani ya nyumba ya mahasimu ambao wakimwona watamwua, na kwamba rangi ile ya damu na ya ukoo ndiyo adawa yenyewe, imemshukia binti asiye na khabari.

Wako waliolinyunyiza neno hili ovyo, juu ya machweo na mawaridi yasiyo na ukoo wala ngao. Hao lawama yawastahili. Lakini Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuona haya kutunga kwa maneno ya mabaharia, wala hatujamtaka ayafute. Mhariri wa vitabu vya shule akutanapo na neno la namna hii, na atie maelezo chini ya ukurasa, shairi aliache kama lilivyotungwa.