Pazia huficha sura, si mafunzo

NAFASI moja ya kazi inapotangazwa na okestra kubwa ya Marekani, wanamuziki kwa makumi, pengine mamia, hujitokeza kuiwania. Aghalabu miongoni mwao hawakosi wahitimu wa Juilliard cha New York na Curtis cha Philadelphia, vyuo ambavyo wazazi wengi huamini kuwa majina yake pekee yatawapa watoto wao kiti.

Kwa mujibu wa kanuni, jina halipaswi kumfaa mtu. Mwaka wa 1952 okestra ya Boston ilianza kuwasaili wanamuziki wakiwa nyuma ya pazia, na baadaye utaratibu huo ukaenea. Baadhi ya okestra hata hutandika zulia ili mlio wa viatu usimfichue mwanamke. Wasomi Claudia Goldin na Cecilia Rouse walieleza mnamo 2000 kwamba wanawake, ambao hawakufika asilimia 5 katika okestra tano kuu za huko mwaka wa 1970, walikuwa wamefikia robo katika miaka ya tisini. Watafiti wengine wamehoji ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilichotokana na pazia.

Hata hivyo, pazia huteremshwa wakati mengi yameshaamuliwa. Okestra nyingi hupokea kwanza wasifu wa waombaji, na hapo chuo na mwalimu husomwa waziwazi. Asiyejulikana huenda akatakiwa kutuma rekodi kabla ya kualikwa. Akialikwa, kwa kawaida nauli na malazi ni juu yake.

Nguvu ya Curtis hudhihirika zaidi kwingine. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1924, hakijatoza karo ya masomo tangu 1928, na wanafunzi wake hawafiki 200. Baadhi ya walimu wake ni wapigaji wakuu wa Okestra ya Philadelphia. Kijana anayefunzwa kila wiki na mtu anayeifanya kazi hiyohiyo anayoitamani, huingia kwenye usaili akijua vipande vinavyoulizwa na namna majaji wanavyotaka visikike. Pazia haliwezi kuficha hilo, kwa kuwa linasikika.

Lakini mafunzo ya aina hiyo si mali ya vyuo hivyo pekee. Edicson Ruiz, mpigaji wa besi kutoka Caracas, alilelewa na El Sistema, mpango ulioanzishwa nchini Venezuela mwaka wa 1975, akaingia Okestra ya Berlin kabla ya kutimiza miaka 20. Yeye pia alikuwa na walimu hodari, na alizoea kukaa ndani ya okestra tangu utotoni.

Kwa hivyo familia inayokopa fedha kwa ajili ya chuo chenye karo kubwa ingefaa kuuliza kwanza ni nani atakayemfundisha mtoto, kabla ya kuuliza nembo iliyo langoni. Na kiti kikishapatikana, mshindi huwekwa chini ya majaribio, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi, ambapo wenzake humsikia kila siku bila pazia, na hakuna anayemwomba cheti.