Uzito wa Mtoto Mwenye Usonji

Mtoto mwenye usonji anaponenepa kupita kiasi, wa kwanza kulaumiwa ni mama yake. Husemekana kwamba anamdekeza. Lawama hiyo si ya haki, tena inaficha sababu zenyewe.

Wengi wa watoto hao huchagua mno chakula. Harufu ya mboga au ulaini wake hutosha kumfanya mtoto akatae sahani nzima, akabakia na chipsi, mkate mweupe na soda. Huo si ukaidi. Zaidi ya hayo, zipo dawa. Risperidoni, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2006 kwa ajili ya kutuliza ghadhabu za watoto wenye usonji, ina faida yake, lakini huchochea hamu ya kula. Katika uchunguzi wa watoto 101 uliochapishwa huko mwaka 2002, waliopewa dawa hiyo waliongezeka wastani wa kilo 2.7 katika wiki 8. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, kilo 0.8. Daktari anayeiandika bila kumpima mtoto uzito mara kwa mara hajatimiza wajibu wake.

Walimu nao wanahusika. Pipi imegeuzwa kuwa tuzo ya kila jibu sahihi. Na saa ya michezo inapowadia, mtoto huyo huyo huachwa darasani, eti atavuruga timu. Kuruka kamba na kutembea mchakamchaka havihitaji timu! Kipindi cha michezo ni cha kila mwanafunzi aliyemo katika daftari la mahudhurio, na ni juu ya mwalimu mkuu kuhakikisha kwamba habaki mtu darasani.