Familia na Gharika: Dhidi ya Uhakiki wa "Mtu na Maumbile"

Limekita mizizi katika idara za fasihi dai kwamba filamu ya maafa ni utanzu wa watu wote: bahari inapanda au ardhi inapasuka, nayo familia moja inapambana na maumbile hadi inaokoka. Mhakiki hutaja dhamira za upendo, ujasiri na umoja, kisha hufunga daftari. Uhakiki wa namna hii ni mvivu, na kwa msomaji wa Nairobi unapotosha.

Ichukuliwe The Impossible (2012) ya J. A. Bayona. Msingi wake ni mkasa wa kweli wa María Belón, mumewe na wana wao watatu, waliokumbwa na tsunami huko Khao Lak, Thailand, tarehe 26 Desemba 2004. Familia ile ni ya Kihispania. Filamu imeifanya ya Kiingereza, kwa sababu za soko bila shaka. Maafa yale yaliua watu zaidi ya 220,000. Mamia waliangamia hata pwani ya Somalia, hasa Hafun, na Kenya alikufa mtu mmoja. Ndani ya filamu, Wathai ni mikono tu: inamwokota mama aliyejeruhiwa, inamsitiri kwa nguo, inamfikisha hospitalini, kisha inatoweka. Mwishoni familia inapanda ndege iliyoletwa na kampuni ya bima. Kati ya mikono isiyo na majina na ndege ya bima, maumbile yana nafasi ndogo kuliko inavyodaiwa.

Dai hilo likipelekwa Kawangware halisimami. Mvua inyeshayo Kawangware ndiyo inyeshayo Lavington, mtaa jirani wa kitajiri. Tofauti ni mifereji. Kibera nayo imepakana na uwanja wa gofu upande mmoja, na upande mwingine Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na kusongwa kwa miaka mingi na takataka na magugu-maji. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, serikali iliamuru waliokaa ndani ya mita 30 za kingo za mito wahame, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru. Neno "maumbile" lilifanya kazi kubwa siku zile: lilimfuta mtoa kibali, mwenye ploti na mkusanya kodi, likabakiza mto na mpangaji. Mhakiki anayelirudia bila kulihoji ni karani wa tingatinga.

Na familia yenyewe je? Katika ploti ya mabati, wapangaji wa vyumba vingi hutumia mlango mmoja wa kutokea na choo kimoja. Maji yakiingia usiku, anayegonga ukuta ni jirani, na mtoto hutolewa na yeyote aliye karibu naye. Msuko wa baba, mama na watoto wanaotafutana wao kwa wao humwacha nje mhusika ambaye hapa angekuwa mkuu.

Hata hivyo, filamu za kigeni haziingii Kibera na Kawangware zikiwa bubu. Katika vibanda vya video mara nyingi huonyeshwa pamoja na sauti ya msimulizi, na ajulikanaye zaidi Kenya ni DJ Afro. Tanzania ilikuwa na Lufufu, nayo Uganda ina wasimulizi wake. Msimulizi hatafsiri tu. Hukejeli, hukemea, humpa mpita njia jina na maneno ambayo mwongozaji alimnyima. Mulokozi alieleza mwaka 1989 kwamba fasihi simulizi ni tukio lenye fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Ni kipi kinachokosekana kibandani? Itajibiwa kwamba sauti imerekodiwa kwenye sahani. Ni kweli, lakini hadhira haikurekodiwa, nayo hubisha na kutabiri palepale. (Wanaochukizwa na Sheng ya wasimulizi hawa ni walewale wanaofundisha kwamba lugha ya fanani huifuata hadhira.)

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuuchunguza usimulizi huu asirudishwe kwenye riwaya zilizokwisha kuhakikiwa mara ishirini. Sahani zikusanywe kabla hazijachakaa. Usimulizi unakiliwe neno kwa neno, na pembeni yaandikwe yale ambayo hadhira husema pale waokoaji wasio na majina wanapoondoka kwenye kioo.